Pasipoti ya Uswidi, adabu za Tanga: kuishi na kufanya kazi Japani

Mwezi wangu wa pili kazini Yokohama niliharibu kikao kizima kwa sentensi moja. Meneja wetu, mtu wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anaonyesha ratiba ya mradi ukutani. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa Kijapani changu cha kuungaunga kwamba ratiba hiyo haiwezekani, tutachelewa wiki sita. Hesabu zangu zilikuwa sahihi kabisa. Meneja akavuta hewa kwa meno, "sssss", akainamisha kichwa upande, akasema "chotto...", yaani "kidogo...", na hakumalizia. Watu kumi na mmoja wakaanza kusoma madaftari yao.

Jioni nikampigia mama Göteborg, nikitegemea pole.

"Wewe! Ulimwambia mtu mzima hivyo mbele za watu?"

"Mama, si mtu mzima, ni bosi."

"Ndiyo mbaya zaidi, mwanangu."

Mama ni wa Tanga, mimi nimekulia Uswidi. Na Uswidi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, watu waliacha kuitana kwa vyeo, wakabaki na "du" tu, yaani wewe, hata kwa waziri mkuu. Kumpinga bosi kikaoni si utovu wa adabu kule. Ni dalili kwamba uko macho. Basi Waswahili wenzangu wa Göteborg, Malmö na Stockholm mnaofikiria kuja huku: huo Uswidi wa kikaoni uacheni uwanja wa ndege. Mtakachokihitaji ni kile mlichogombezwa nacho nyumbani mkiwa wadogo.

Wajapani wana kitu wanakiita nemawashi. Neno limetoka kwa watunza bustani, ni ile kazi ya kuzungukia mizizi ya mti kabla ya kuuhamisha. Ofisini maana yake ni kwamba hakuna jambo linaloibuka kwa mara ya kwanza mbele za watu. Kwetu hiyo ni kazi ya mshenga. Nani anakwenda na posa bila watu kuzungumza pembeni kwanza? Siku hizi kikao kikiwa Alhamisi, Jumanne naanza kuzunguka. Huyu nanong'ona naye kwenye mashine ya kahawa, yule namtumia karatasi ya hesabu na kumwomba ushauri, ingawa jibu ninalo. Meneja namwendea mwisho. Alhamisi yenyewe watu wanaitikia kwa vichwa, dakika ishirini, tumemaliza. Rafiki zangu Waswidi wanaona huko ni kupoteza siku mbili. Labda. Lakini ratiba zangu zinapita.

Salamu ndizo zilizonishangaza zaidi. Miaka yote Uswidi nilikuwa nakosa neno la kumpa mtu "pole na kazi". Hakuna. Mnamaliza siku, mtu anasema "hej då", anachukua baiskeli yake. Japani wanalo, otsukaresama desu, na wanalisema korido nzima. Ukiondoka kabla ya wenzako, unasema osaki ni shitsurei shimasu, ambayo ni ile ile yetu ya "samahanini, natangulia". Ukiingia kwa mtu, ojama shimasu, nakuja kukusumbua, hodi kabisa. Jifunzeni hizi tatu kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kusoma herufi. Na mkitoka likizo msirudi mikono mitupu. Boksi la biskuti zilizofungwa moja moja, unapita meza hadi meza. Nani kati yetu anahitaji kufundishwa zawadi ya safari?

Nisije nikawadanganya kwamba Uswidi haunisaidii kitu. Saa tatu huku maana yake ni saa tatu kasoro dakika kumi, na hapo malezi ya Tanga yangeniponza.

Likizo itawauma. Uswidi sheria inakupa siku 25 kwa mwaka. Japani unaanza na siku 10, tena baada ya miezi sita kazini, zinapanda polepole hadi 20. Ukishikwa na mafua siku mbili, wengi huzikata humo humo kwenye likizo. Tangu Aprili 2019 sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mwenye siku 10 au zaidi anachukua angalau 5, na ukweli kwamba ilibidi itungwe sheria unakueleza mengine yote. Mimi nachukua zangu zote. Naomba mapema, naomba kwa unyenyekevu, halafu naondoka.

Karatasi sasa. Ukishapata pa kuishi una siku 14 za kuandikisha anwani kwenye ofisi ya wilaya, ukiwa na kadi yako ya ukaazi. Siku hiyo hiyo amua jina lako litaandikwaje kwa katakana, zile herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, na usibadilishe hata nukta. Mimi nina majina manne kwenye pasipoti. Benki moja ilinirudisha mara tatu kwa sababu mpangilio wa majina kwenye fomu haukufanana na wa kwenye kadi, na visanduku vya fomu viliisha kabla ya jina la babu.

Kuna kodi ya ukaazi, juminzei. Inahesabiwa kwa kipato cha mwaka uliopita, kama asilimia kumi hivi, kwa hiyo mwaka wa kwanza hukatwi na unajiona tajiri. Mwaka wa pili, Juni inapofika, karatasi ya mshahara inabadilika sura. Wekeni akiba. Na aliyeandikishwa Japani tarehe 1 Januari anadaiwa hata akihama Februari.

Upande wa Uswidi, mkiondoka kwa mwaka au zaidi iarifuni Skatteverket, mamlaka ya kodi ya kule. Pensheni ina mkataba kati ya nchi hizi mbili tangu Juni 2022: ukitumwa na mwajiri wa Uswidi kwa muda usiozidi miaka mitano unabaki kwenye mfumo wa kule, usikatwe mara mbili. Cheti chake fuatilieni kabla ya kupanda ndege. Leseni ya Uswidi inabadilishwa bila mtihani wa barabarani, mradi una tafsiri na unathibitisha uliishi Uswidi miezi mitatu baada ya kuipata. Binamu yangu alikuja na ya Tanzania, akafanya mtihani wa kuendesha mara nne. Na mimi ndiye niliyejifunzia gari lake.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni baridi. Mtu wa Göteborg kuugua baridi Yokohama! Nje nyuzi tano, si kitu. Shida ni ndani. Nyumba nyingi za kupanga hazina joto la mabomba kama Uswidi, madirisha ni kioo kimoja chembamba, na Januari nikichemsha chai jikoni naiona pumzi yangu. Asubuhi vioo vinatiririka maji, unafuta kwa taulo, ukizembea wiki moja ukungu mweusi unapanda kwenye pazia. Kwa hiyo mkienda kuangalia nyumba, dalali akianza kusifia umbali wa kituo cha treni, ninyi gongeni kioo kwa kucha. Kikilia kama glasi ya soda, ulizeni ina nini kingine.

Mwaka wa pili nilinunua kotatsu, ile meza fupi yenye kipasha joto chini yake na blanketi zito pande zote. Mama alipokuja Februari aliingiza miguu humo baada ya sala ya alasiri na hakutoka hadi magharibi. Nikamwambia tutoke, nimwonyeshe bandari.

"Bandari nimeshaziona," akasema. "Hebu nipitishie chai hapa. Na uniambie, Waswidi na baridi yao yote ile, hii meza hawajaiona?"