Kwa kuogelea na kupumzika, Kendwa kuliko Paje

Mmeuliza mfikie Kendwa au Paje huko Unguja, Zanzibar: nasema Kendwa, kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Kama nyinyi wawili mnataka kuingia majini wakati wowote mnaojisikia, pwani ya mashariki ya Unguja itawasumbua. Paje na Jambiani ufukwe ni bapa mno, kwa hiyo maji yakipwa yanarudi mbali kabisa hadi karibu na mwamba. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kupwa huangukia saa nne asubuhi hivi, na mahali mlipotaka kuogelea mtawakuta akina mama na kamba zao za mwani. Pazuri sana kutembea hapo, mnaona hadi vigingi vya mwani vilivyopandwa mchangani, ila kuogelea sahau mpaka maji yajae. Kendwa ufukwe unashuka haraka, maji hayaendi mbali, na kwa kuwa unaangalia magharibi, jua linazama mbele yenu. Nimekulia upande wa mashariki, haya ya maji nayajua vizuri.

Angalizo moja: Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu Kendwa huwa na muziki mkubwa hadi alfajiri. Anayetafuta utulivu apange tarehe nyingine, au alale kijiji kingine kando ya hapo. Na msije Aprili, masika hayo. Bora Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari kama joto haliwasumbui.