Busia Huvukwa Ukiwa Bado Nakuru

Mfanyabiashara wa Nakuru au Kisumu anayepeleka mzigo Uganda kwa mara ya kwanza huogopa foleni ya mpakani. Foleni ipo, hatukatai. Lakini lori linalolala Busia siku tatu mara nyingi lilikwama tangu siku lilipopakiwa: ekseli imezidi uzito, au karatasi mbili hazisemi kitu kimoja. Barabara yenyewe ni sehemu ya ile njia kuu ya Lagos hadi Mombasa, kilomita 6,259 kwenye ramani. Kwa kipande chetu lami ipo tayari. Kinachomshika mtu ni mikataba iliyoziunganisha nchi, na bora uijue kabla hujafunga turubai.

Tuanze na mizani, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ukitoka Nakuru kupitia Timboroa na Eldoret utapimwa Webuye. Ukishuka Kericho na Kisumu, kuna mizani ya Busia. Kwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu uzito wa magari, kipimo ni kimoja pande zote mbili za mpaka. Ekseli ya usukani hubeba tani 8, ekseli moja ya tairi nne tani 10, mbili zilizoandamana 18, tatu 24. Gari zima halizidi tani 56 hata liwe na ekseli ngapi. Trela lenye tairi pana mojamoja badala ya pacha hupewa kiwango cha chini zaidi, kwa hiyo usinakili hesabu ya jirani kabla ya kuangalia tairi zako.

Lori la tairi 22, lile linalojaa kituo cha malori cha Salgaa usiku, lina ekseli 6: 8, 18 na 24, jumla tani 50. Likiwa tupu huwa na tani 16 hadi 18. Basi mtu hutoa, anapata 32, anapakia 32. Kosa! Ekseli ya usukani mara nyingi haifiki tani 8 hata gari likijaa, na uzito ambao haukubebwa mbele lazima ukalie ekseli nyingine. Panga tani 28 hadi 30, utalala usingizi.

Mizani husamehe asilimia 5 kwenye kundi la ekseli: 18 huvumiliwa hadi 18.9, na 24 hadi 25.2. Uzito wa gari zima hausamehewi hata kilo. Msamaha huo ni wa mzigo unaojisogeza njiani, kwa mfano kwenye miteremko ya kutoka Timboroa. Anayeutumia wote akiwa bado yadini hana akiba tena akifika Webuye.

Sasa jambo ambalo wapakiaji wengi hawaambiwi. Chukua mifuko 600 ya saruji ya kilo 50, yaani tani 30, kwenye trela ambayo kutoka pini ya kuungia hadi katikati ya ekseli zake tatu ni mita 7.7. Sogeza mzigo wote nyuma mita moja tu: karibu tani 4 zinahama kutoka ekseli za kichwa na kukalia za trela. Saruji haikuongezeka hata mfuko, lakini sasa una kosa. Nayo hutokea kirahisi, kwa sababu wapakiaji wakichoka hurundika tabaka la mwisho karibu na mlango. Simama hapo wakimalizia, hata kama jua ni kali.

Kinyume chake huwashangaza hata madereva wazoefu. Ukishusha tani 10 za nyuma Bugiri ili uendelee Kampala na 20, ekseli za kichwa zinaongezeka zaidi ya tani moja ingawa gari limepungua uzito. Ule mzigo wa nyuma ulikuwa unainua pua ya trela, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Ukiwa na vituo viwili, shusha kidogo mbele na kidogo nyuma, au baada ya kushusha usogeze iliyobaki iwe katikati.

Mizani nyingi za viwandani husoma gari zima tu. Mwombe mpimaji apime kwa hatua: magurudumu ya usukani peke yake, kisha kichwa chote, kisha gari zima, halafu utoe moja kwa nyingine. Sakafu ya kuingilia iwe tambarare, la sivyo hesabu itakudanganya. Na mafuta usiyasahau: lita 600 za dizeli ni nusu tani.

Ukali huu una sababu. Lami huumia takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, hivyo ekseli ya tani 12 huiharibu barabara zaidi ya mara mbili ya ile ya tani 10.

Karatasi ni fupi zaidi kuelezea. Chini ya himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki, iliyoanza 2014, mnunuzi wa Uganda hutoa tamko la forodha na kulipa ushuru kwao kabla lori halijaondoka kwako. Usiondoke bila uthibitisho huo. Uzito, idadi na jina la bidhaa vifanane kwenye ankara, orodha ya vifurushi na tamko. "Mafuta" upande mmoja na "mafuta ya kupikia" upande mwingine yanatosha kukusimamisha. Bidhaa ya Kenya iwe na cheti cha asili cha Afrika Mashariki, bila hicho hutozwa kama ya kigeni. Mmea wowote, hata viazi, unahitaji cheti cha KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea. Gari liwe na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), dereva awe na kitambulisho na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani. Mama wa samaki anayetoka Kisumu aulizie hicho kwanza kabla ya kumlipa wakala.

Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vilipoanza Busia na Malaba, husimami mara mbili. Ukielekea Uganda unapita majengo ya Kenya moja kwa moja, maafisa wa nchi zote mbili wanakukuta upande wa Uganda. Ukirudi, unasimama upande wa Kenya. Kuna vijana watakaokusimamisha kabla ya lango wakidai kuna muhuri uliosahau. Endesha.

Mzigo mpana au mrefu kupita kawaida huhitaji kibali cha kila nchi. Kenya ni KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Uganda, anayekuambia uandikie UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara, amepitwa: kazi zake zimehamia Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Na ukiendelea hadi Rwanda, mkumbushe dereva kwamba kuanzia Gatuna atashika mkono wa kulia, na saa itarudi nyuma saa moja.

Kurudi na mahindi kuna mtego wake. Machi 2021 Kenya iliyazuia kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka), na yalipofunguliwa masharti yalibaki: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti cha sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Pima unyevu kabla ya kulipa. Ukizidi asilimia 13.5, mwachie muuzaji ayaanike yeye. Yakivunda ndani ya turubai kabla ya kufika Nakuru, hasara ni yako, na msagaji atakurudishia lori likiwa limejaa.