Kuzungusha filamu ya zamani ya siasa iliyorejeshwa: nilichokiona tulipozunguka na Sambizanga

Mkuu umeuliza kama kuna mtu humu amewahi kuzungusha filamu ya siasa iliyorejeshwa, yaani kopi ya zamani iliyosafishwa upya, nje ya kumbi za mjini, na kama vijana wanakuja kweli au watakuja wazee na wazungu tu. Vijana wanakuja, ila hawaji kwa sababu picha imerejeshwa vizuri, kama ulivyoandika wewe. Nilikuwa kwenye katimu kadogo kalikozunguka na Sambizanga ya Sarah Maldoror, tukaanzia Dar, tukaenda Kongwa, halafu kusini mpaka Nachingwea, so vumilia nitakuwa mrefu kidogo.

Kwa wasioijua, ni filamu ya 1972 inahusu Angola chini ya Mreno. Jamaa anaitwa Domingos, dereva wa trekta, anakamatwa nyumbani, anapelekwa Luanda, anapigwa ataje wenzake, hataji mpaka wanamuua. Mkewe Maria anafunga mtoto mgongoni anaanza kumtafuta, ofisi hii anaambiwa hayupo, gereza lile anaambiwa hayupo. Picha zilipigwa Kongo Brazzaville maana Angola Mreno alikuwa bado yupo, na wengi unaowaona mle si waigizaji wa kazi, ni watu wa harakati wenyewe. Miaka mingi ilikuwa ngumu kuiona kwa ubora, mpaka 2021 Film Foundation, taasisi ya Scorsese yule mwongozaji wa Marekani, pamoja na Cineteca di Bologna, hifadhi ya filamu ya Italia, wakairejesha. Maldoror mwenyewe alifariki Aprili 2020 kwa korona.

Sasa kosa linalofanywa na wengi ni kuandika kwenye bango "4K, imerejeshwa" (4K ni ubora wa juu sana wa picha), eti ndio kivutio. Dogo wa Temeke hajawahi kuona kopi mbovu ya hiyo filamu, sasa hiyo nzuri imshangaze kwa lipi? Sisi spika ya matangazo ilikuwa inapita mtaani na kisa tu, mume kachukuliwa, mke kaenda kuuliza kaambiwa hayupo, kaenda kwingine kaambiwa hayupo. Basi, unanyamaza hapo. Muuza mihogo akikuuliza alimpata au hakumpata, unamwambia njoo saa moja na nusu. Anakuja, na anakuja na jirani.

La pili ni lugha, na hapa ndio nitagombana na wasomi. Mle ndani wanaongea Kireno na lugha za kule, maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Ukiwawekea hivyo watu uwanjani, baada ya robo saa wanaanza kuchati. Tukatafuta DJ wa kutafsiri, wale wanaosimulia filamu kwa Kiswahili kwenye maiki huku inaendelea kibanda umiza, watu wamekua na hizo sauti tangu enzi za DJ Lufufu. Kuna mtu wa ukumbi mmoja mjini alitukatalia kabisa, akasema tunaharibu kazi ya sanaa, tukaondoka zetu. Ila DJ lazima aiangalie mapema zaidi ya mara moja na mkubaliane wapi anafunga mdomo. Kuna pale Maria anajua mumewe amekufa, analia, wanawake wanamzunguka wanamshika, pale ukitia neno hata moja umeua. DJ wetu alishusha maiki kabisa akaiweka kwenye kiti, uwanja mzima kimya, unasikia jenereta tu. Na ruhusa ya kutafsiri live omba kwa maandishi kwa mwenye haki, usije ukajifanya hujui.

Kongwa tuliichagua makusudi, kulikuwa na kambi za wapigania uhuru pale, MPLA wa Angola walikuwepo, na Nachingwea ndio ilikuwa ya Frelimo wa Msumbiji. Mzee mmoja alisimama akasema vijana wa Angola walikuwa wanacheza nao mpira na hakuwahi kujua wametoka kwenye nini. Wajukuu zake wamekaa pale pale wanamsikia, hiyo historia hawajawahi kuisikia nyumbani.

Kuhusu mjadala baada ya filamu, achana na meza kuu na wageni rasmi watatu wenye maiki. Tulijaribu kwa shinikizo la mfadhili, watu wakaanza kubeba viti vyao. Filamu yenyewe ina ugomvi ndani yake: mwishoni kuna dansi, habari ya kifo inafika, Mussunda fundi cherehani anawatangazia watu, halafu muziki unaendelea, na huku wengine wanapanga lile shambulio la magereza ya Luanda la Februari 4, 1961. Uliza tu swali moja, nyie mngezima muziki au mngeendelea? Vijana walibishana mpaka mtendaji akaja kuuliza kuna nini. Mimi bado naona wangezima, ila nilikuwa upande wa wachache.

Ufundi haraka haraka. Wenye filamu watakutumia DCP, hilo ni faili la projekta za sinema kubwa, laptopu yako haitaifungua, na mara nyingi inakuja na ufunguo wa kidijitali unaofanya kazi tarehe maalum tu. Omba faili la kawaida la 1080p mapema, projekta ya kukodi haitaonyesha hiyo 4K hata ukilia. Sauti ya filamu hizi ni ya enzi zile, kwa hiyo hela iweke kwenye spika nzuri kuliko kwenye skrini. Kitambaa kibane pande zote nne, pwani upepo wa usiku haukuachi. Ruhusa anza kuomba Bodi ya Filamu wiki nyingi kabla, halafu serikali ya mtaa, wote wawili maana ruhusa ya mmoja haitakulinda kwa mwingine. Na angalia ratiba ya ligi, siku ya Simba na Yanga usipange kitu.

Bajeti uliyoweka ya mabango ni kubwa mno, mimi ningechukua nusu nimpe DJ, nyingine mafuta ya jenereta na nauli ya kumleta mzee kama yule. Njoo PM nikupe mfano wa barua ya kuombea haki.