Usianze na zile za giza, anza na ndoto ya Sultana

Dada zangu, mtu akiniuliza aanzie wapi kusoma hadithi za wanawake za dunia ya kesho, namwambia asianze na The Handmaid's Tale, kitabu cha Margaret Atwood. Najua ndo yenye jina na zile nguo nyekundu mmeziona kwa tivii, lakini ukianza na giza utachoka mapema, uone ni vilio tu.

Anza na Sultana's Dream ya Rokeya Hossain, Muislamu wa Bengal, ya 1905, fupi, unaimaliza ukingoja wali uive. Nchi hiyo wanaume ndo wanaotawishwa ndani na wanawake wako nje wanaendesha serikali, chuo kikuu kimoja kimetengeneza puto lenye mabomba linavuta maji mawinguni, kingine kinakusanya joto la jua watu wanapikia, hamna moshi hamna makaa. Sasa mimi niliisoma kwa sauti barazani huku Kisauni tukingoja mkokoteni wa maji, mitungi imepangwa mlangoni, kufika pale kwa puto binamu yangu akasema hebu rudia hapo. Mambo ya ufeministi hakuuliza, aliuliza maji yale yanafika kwa kila mtu ama kwa wenye pesa tu. Swali hilo lishike, liulize kila kitabu cha aina hii: maji anateka nani, jikoni yuko nani, mtoto akilia usiku anaamka nani.

Na usikubali kila kitu bana. Rokeya anafanya mzaha, anawageuzia kibao, naelewa, lakini kwangu kufuli ni lile lile, limehamishwa mlango tu. Shangazi akapinga palepale, wacha wakae ndani nao waonje! Bishaneni, ndo utamu wenyewe.

Halafu utafute Pumzi, filamu ya 2009 ya Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, dakika 20 hivi, humo hata jasho na mkojo vinachujwa vinywewe, na ukiishi Mombasa wala hutacheka sana.

Atwood sasa. Kitabu ni cha 1985, na mahali pa kusoma polepole ni pale mwanamke anaenda kununua sigara kadi inakataa, kumbe akaunti za wanawake zote zimefungwa, pesa yake ataishika mume ama ndugu wa kiume. Fikiria ni M-Pesa yako hiyo. Sehemu hiyo usisome usiku peke yako, soma na shoga yako mchana, simu ziko mkononi.