Mwezi wa kwanza nyumbani baada ya Mogadishu

Wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakienda Somalia na kurudi tangu 2007, na kijana anayerudi mara ya kwanza hudhani kazi imeisha akishuka kwenye ndege. Wewe umefika, ndugu yetu. Mwili wako bado uko zamu.

Usiku ndio mgumu. Kama lindo lako lilikuwa saa nane, utashtuka saa nane hiyohiyo. Usigombane na godoro. Amka, kunywa maji, zunguka ua mara moja tu, urudi ulale. Ukizunguka mara tatu unaufundisha mwili kwamba doria ingalipo.

Kitanda kigeuze uone mlango ukiwa umelala. Mke wako mwambie mapema asikuamshe kwa kukugusa: asimame mbali, upande wa miguuni, aite jina lako la nyumbani. Watoto nao waambiwe. Mkono huruka kabla macho hayajafunguka, na anayeumia ni aliye karibu.

Halafu kuna mabati. Jua likizama bati hupoa, hujikunja na kulia pa! kama risasi. Keti nje jioni uyasikilize makusudi. Vuta pumzi ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Ile ya kutoa ndiyo inayotuliza moyo. Rudia kila jioni, sikio litaanza kutofautisha.

Waragi, pombe kali ya kwetu, hulaza haraka, kisha hukuamsha usiku wa manane na ndoto mbaya zaidi. Mairungi (miraa) hufukuza usingizi wenyewe. Acha vyote viwili.

Pesa: usinunue ardhi siku 30 za kwanza, hata bei ikiwa tamu. Siku hizo zikiisha, nenda kununua ukiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani wa mipaka yote. Kama ni kibanja, yaani sehemu ya mpangaji kwenye ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, pata idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi. Bila hiyo umenunua kesi.

Ndoto, hasira na kukwepa watu vikipita mwezi bila kupungua, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kitengo cha afya ya akili. Walio Kampala wana Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Likikujia wazo la kujiua au kumdhuru mtu, nenda siku hiyohiyo, ukisindikizwa na mwenzako wa kikosi. Kwa daktari beba daftari lenye saa unazoshtuka na ni mara ngapi kwa wiki. Anza kuandika usiku wa leo.