Wanane Tuwe Ishirini?

SWALI: Ndugu Mhariri, tuko waimbaji wanane hapa Mtwara Mjini, sote tumetoka katika kwaya za makanisani, na kwa miaka miwili sasa tunalipwa kuimba bila ala kwenye harusi na mahafali. Baadhi yetu wanataka tufike ishirini ili kikundi kionekane kimekua. Je, wako sahihi?
Msomaji, Shangani

JIBU: Ndugu msomaji, tunawashauri msiongezeke. Malipo ya shilingi 600,000 yakigawanywa kwa wanane, kila mmoja hupata 75,000. Yakigawanywa kwa ishirini hubaki 30,000, na hapo nauli ya kwenda kuimba Masasi haijatolewa, wala Hiace moja haitawatosha. Zaidi ya hesabu kuna suala la sikio: mkiwa wawili wawili katika kila moja ya sauti nne, mmoja akishuka hata kidogo mwenzake anamsikia papo hapo, ilhali katika kundi kubwa asiyejifunza sehemu yake hujificha nyuma ya wenzake. (Sisi tuliopitia kwaya tunawafahamu watu hao, na pengine tuliwahi kuwa wao.)

The King's Singers, kikundi cha waimbaji wa Uingereza, walianza wakiwa sita mwaka 1968 na hadi leo ni sita, ingawa waanzilishi wote walishaondoka na nafasi zao kuchukuliwa na wengine. Chanticleer, kikundi cha waimbaji cha San Francisco, Marekani, walioanza mwaka 1978, walifika mwaka 1991 ndipo waimbaji wao wakawa na ajira ya kuimba tu. Miaka yenu miwili, basi, ni michache.

Tatizo lenu kubwa, kwa maoni yetu, ni msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikaingia, harusi hufuatana. Ikiingia Kwaresima au Ramadhani, simu hunyamaza. Kwa hiyo kila malipo yakatwe sehemu ya mfuko wa kikundi, na miezi mitupu muitumie kujifunza nyimbo mpya na kutafuta shule zitakazowalipa mfundishe tonika solfa, yaani kusoma muziki kwa do, re, mi. Kama hamjasajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), jisajilini, na makubaliano ya mgawanyo yaandikwe na kutiwa saini sasa, wakati bado mnapatana.

Mkilazimika kuongeza mtu, awe mmoja wa sauti ya nne, yaani besi, tena wa akiba: azijue nyimbo zote, ahudhurie mazoezi, na alipwe siku anayoitwa kushika nafasi ya mgonjwa.