Barua kwa mwanangu: jirani anayepitia kwenye ploti yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama unaweza kufunga geti mwezi huu, ili jirani wa nyuma aache kupitisha kenta yake ndani ya ploti yako ya Lurambi, kwa kuwa unataka kujenga nyumba za kupangisha upande huo. Ikiwa kweli anapita kwa ruhusa tu, una haki ya kuikatisha. Lakini usianze na kufuli. Anza na karatasi, maana kufuli lililowahi mno laweza kukufanya wewe ndiye mshtakiwa.

Nenda ofisi ya ardhi Kakamega na nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi, ufanye sachi, yaani uombe kuangalia rekodi ya ardhi hiyo. Soma hadi mwisho, pale wanapoandika vizuizi vilivyo juu ya ardhi. Haki ya njia iliyosajiliwa huonekana hapo. Kisha nunua ramani ya eneo kwa watu wa upimaji. Hapa ndipo wengi huteleza. Shamba lilipokatwa, seveya aliwaachia wa nyuma barabara ya kuingilia, na mwenye ploti ya mbele, baada ya miaka, akaizoea kama yake. Ikiwa ramani inaonyesha ni barabara, hakuna ruhusa ya kukatisha, kwa sababu kipande hicho si chako. Na kama mpaka wenyewe una utata, ua wa kayaba umenenepa kuelekea kwako au bikoni, lile jiwe la mpaka, imefukiwa na kifusi, mwandikie msajili wa ardhi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 hakiruhusu mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla yeye hajauamua. Bikoni usiiguse.

Ramani ikiwa upande wako, angalia kama jirani ana pa kutokea kwingine. Asipokuwa napo kabisa, kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamruhusu kuomba mahakama impe njia kupitia kwako, na jaji aweza kuipanga upana na fidia utakayolipwa. Akiwa na njia nyingine, hata kama ni ndefu na ya matope, hoja hiyo inapungua nguvu sana.

Halafu kuna suala la miaka. Mtu akipita wazi, kwa amani, bila kukatizwa na bila kuomba ruhusa, kwa miaka 20, aweza kudai njia imekuwa haki yake. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22. Aliyepewa ruhusa hapati haki hiyo, kwa kuwa anapita kwa hisani yako. Kwa hiyo ushahidi wa ruhusa ndio silaha yako: ujumbe wa simu aliokuomba, shahidi aliyekuwepo mlipokubaliana, lile neno lake la kushukuru. Ukusanye kabla hamjakosana.

Uliza pia kama alimwaga murram au kuweka kalvati kwa kibali chako. Akiwa ametoa pesa kwa kukuamini, mahakama yaweza kumhurumia. Ni afadhali umlipe thamani ya kalvati kuliko kuibishania.

Sasa barua ya kumjulisha. Kwanza mwendee nyumbani umwambie kwa mdomo. Huku kwetu karatasi isiyotanguliwa na mazungumzo huonekana kama matusi. Barua iwe fupi: nambari ya ploti kama ilivyo kwenye hati, njia inaanzia wapi na kuishia wapi na upana wake kwa mita, kwamba alikuwa akipita kwa ruhusa yako, na kwamba ruhusa inakoma tarehe fulani. Mpe miezi mitatu. Anahitaji muda wa kufungua geti lake upande mwingine, na mvua ikiwa kubwa kenta haitoki kwenye njia mpya isiyo na murram. Usimwite mvamizi, kabla ya tarehe hiyo si mvamizi, na neno hilo linapingana na ruhusa unayodai ulimpa. Chapisha nakala mbili, asaini yako kuwa amepokea. Akikataa, mpelekee mbele ya mzee wa mtaa, naye aandike jina na tarehe. Kama hati ingali kwa jina la mwenye ploti aliyefariki, barua hiyo iandikwe na msimamizi wa mirathi aliyepewa kibali na mahakama. Ya mtu mwingine yeyote haina nguvu.

Katika miezi hiyo usichimbe mtaro wala kurundika mawe usiku. Mafundi waanze ua kwenye mpaka wa ndani, geti liachwe wazi hadi siku yenyewe. Geti lirudishe ndani mita tano au sita kutoka barabarani, ili gari lisimame bila kuziba njia wakati unalifungua. Angalia pia kilicho chini na juu: kukatisha njia hakukupi ruhusa ya kukata bomba lake la maji, na nguzo za umeme ziache kama zilivyo, uwaulize wenye umeme kwanza.

Akifiwa baada ya tarehe, mfungulie. Gari la kubebea mwili na hema vipite, ila mtumie ujumbe kwamba ni kwa siku za matanga pekee, uuhifadhi. Siku ya kufunga ikifika naye bado anapita, usimzuie kwa mwili. Piga picha zenye tarehe, umpelekee chifu awaite nyote wawili, na likishindikana ndipo wakili apeleke shauri Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Kakamega.

Nitumie picha ya ramani kabla hujaandika tarehe kwenye barua. Nataka tuone kwanza njia hiyo imeangukia upande gani wa mpaka.

Mamako